Daftari la Msiba wa Zedekia

Mimi ni Hamidah, nauza vitenge na mashuka sokoni Bwera, na kwa miezi minne nilikuwa ndugu wa marehemu Zedekia bila mwenyewe kuwa na habari. Zedekia alikuwa Mkonzo wa milimani, Mkristo tangu kwa babu zake. Mimi ni Mwislamu, na baba yangu alifika hapa akiendesha lori la chumvi. Lakini kwenye karatasi zilizopelekwa serikalini nimeandikwa mwanafamilia, nimekaa kikao, nimekubali, nimetia saini. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Lakini aliyekuwa karibu kuporwa ni jirani yangu Gorret, mke wa Zedekia.

Gorret alizaliwa Bwesumbu, huko milimani, akaolewa huku chini na kijana fundi matofali asiye hata na kitanda. Nyumba yao ya vyumba vinne niliiona ikipanda kutoka chini. Zedekia akifinyanga, Gorret akichota maji mtoni, akiwa na mimba ya Tabisa, kisha akiwa na Tabisa mgongoni. Upande wa juu wa nyumba wana shamba la kahawa, si kubwa. Hiyo ndiyo mali yote: nyumba na kahawa. Na Gorret ana tabia moja ambayo tulikuwa tunamcheka nayo: hatupi karatasi. Cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, makubaliano ya kununua kiwanja, vyote vimo kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda.

Machi mwaka jana Zedekia aliugua siku sita, akafa. Hakuacha wosia. Mume wangu Sowedi alileta mwili kutoka Kasese kwa Fuso yake. Mimi nilipeleka mashuka mawili meupe.

Huku kwetu kwenye mazishi linapita daftari. Kila aliyekuja anaandika jina, ametoka wapi, anatia saini, ili siku akifiwa yeye wenye msiba wajue nani wa kumwendea. Hakuna anayelisoma. Unalipokea huku machozi yanakutoka, unaandika, unampa wa pili. Nami niliandika. Gorret mwenyewe aliletewa pale alipokaa kando ya jeneza, akashikishwa kalamu.

Baada ya mazishi daftari likachukuliwa na Crispus, mdogo wake marehemu. Huyu Crispus ni mtu wa viatu vya kung'aa na simu mbili. Zedekia alipokuwa anaungua mikono kwenye tanuru, hatukumwona hata siku moja kushika tofali. Sasa akaja kukaa uani kwa Gorret, miguu ameinyoosha.

"Mulamu, wewe tulia," akamwambia, yaani shemeji. "Mwanamuke atakimbiza makaratasi ya nini? Sisi wanaume iko hapa."

Gorret akatulia mwezi, miwili. Mwezi wa tatu Crispus akaja na mtu asiyejulikana, wakapima kiwanja kwa hatua, kuanzia choo mpaka barabarani. Gorret alikuwa anaanika kahawa. Alipouliza, aliambiwa ni mgeni tu, anapenda mandhari. Mandhari ya choo!

Siku hiyo ndipo alipotoa kopo lake la biskuti. Alishasikia kwenye redio kwamba mali ndogo isiyo na wosia, mjane anaweza kuifuatilia mwenyewe bila wakili. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akapata barua. Akafuatilia cheti cha kifo. Akaambiwa aitishe kikao cha familia kimchague msimamizi wa mali, apeleke kumbukumbu za kikao ofisi ya wilaya Kasese, na wakiona hakuna pingamizi ndipo aende mahakamani. Hapo Crispus, kila akiitwa kwenye kikao, alikuwa safarini. Gorret akachoka kungoja, akaenda Kasese kuuliza.

Alirudi jioni, akaja kwangu moja kwa moja. Hakuketi.

"Mama Nasif, wewe ulisaini karatasi ya Crispus?"

"Karatasi gani?"

"Jina yako iko pale. Ya Sowedi iko. Hata yangu iko. Banasema tulikaa mukutano, tukamupa yeye vyote."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Mimi! Kwa mkono wangu mwenyewe nimsaidie mwizi kumtoa Gorret kwenye matofali aliyoyachotea maji! Usingizi haukuja. Asubuhi nilifunga duka, nikamwambia Sowedi Fuso leo haiendi popote ila Kasese.

Afisa wa pale alikuwa mwanamke, anaitwa Amoding, mtaratibu, miwani puani. Kwa kuwa Gorret alishaweka pingamizi jana yake, Crispus naye alikuwa ameitwa. Tulimkuta amekaa, viatu vinang'aa. Amoding akafungua faili. Ukurasa wa kwanza umepigwa chapa vizuri: kikao cha familia, wajumbe sitini na mmoja, wote wamemkubali Crispus. Nyuma yake kurasa tatu za majina na saini, zimetolewa fotokopi.

"Hamidah," akasoma. "Wewe ni nani wa marehemu?"

"Jirani. Nilipeleka mashuka ya kumfunika."

"Sowedi?"

"Mimi iko dereva, afande. Nilibeba maiti." Sowedi akiona meza ya serikali anaita kila mtu afande.

Crispus akasema kwao jirani ni ndugu. Nikataka kuruka ile meza. Gorret akanishika mkono, akasogea, akaweka kidole kwenye ukurasa wa pili.

"Madamu, soma hapa."

Lilikuwa jina la Proscovia, kiongozi wa kwaya. Baada ya saini yake, kwa mwandiko mzuri wa kanisani, aliandika: Pole sana mama Tabisa, Mungu akutie nguvu.

Amoding akasoma mara mbili. Akavua miwani. "Crispus, ni kikao gani cha kugawa mali ambacho watu wanampa mjane pole?"

Crispus akatazama viatu vyake. Alikuwa amelinakili daftari la msiba, machozi yetu yote, akaligeuza kura zake. Na kwa uvivu hakulisoma hata yeye.

Ombi lake likatupwa. Kikao cha kweli kikafanyika uani kwa Gorret, wanaukoo kumi na tisa, Crispus akiwemo safari hii. Gorret aliandika kichwa cha habari kwa wino juu ya kila ukurasa kabla mtu hajagusa kalamu. Cheti cha kutokuwa na pingamizi kikatoka, akapeleka maombi yake mahakamani, tangazo likatoka gazetini, siku zikahesabiwa, hakuna aliyejitokeza. Januari akakabidhiwa barua ya usimamizi yenye muhuri. Imo kwenye kopo la biskuti, na hatumcheki tena.

Mwezi uliopita alikufa shangazi wa kina Zedekia, huko Kinyamaseke. Tulikwenda. Crispus ndiye aliyekuwa anapitisha daftari, na nakuambia lilizunguka uwanja mzima bila tone la wino. Watu walilipokea, wakalitazama, wakampa wa pili. Katekista mwenyewe alisema kalamu yake imekufa. Nilifurahi, halafu nikaona aibu, maana yule bibi hakumkosea mtu, naye alistahili kuandikiwa waliomlilia.

Likamfikia Gorret. Juu ya ukurasa akaandika kwa herufi kubwa: TULIOKUJA KUZIKA TU. Chini yake akaandika: Gorret, mjane wa Zedekia, msimamizi wa mali yake. Akatia saini, akainuka, akampelekea Crispus lile daftari mbele ya watu wote, pamoja na kalamu.

"Mulamu," akasema, "saini wewe, halafu batu bengine banasaini."

Crispus akasaini.