Jalada la Kuku

Pale maktaba walimwita Bi Gundi, maana vidole vyake havikutakata hata siku za mapumziko. Alikaa chumba cha nyuma, akishona vitabu vilivyochanika na kuvivika majalada ya vitabu vilivyokwisha kazi. Wenzake walimkumbuka kitabu kikichanika, basi.

Lilipobandikwa tangazo kwamba vitabu vilivyolalamikiwa na wazazi vitaondolewa, aliisoma orodha yake mara mbili. Kimojawapo kilikuwa hadithi ya mke aliyefunga virago akamwacha mumewe. Yeye na marehemu dada yake walikuwa wakisomeana hadithi hiyo jikoni, wakibishana mpaka chungu kinaungua. Tangu dada afariki, hakuwa na wa kubishana naye.

Basi akakivua kitabu jalada, akakivika la kitabu cha ufugaji wa kuku. Kurasa za kuku akazivika jalada la yule mke. Mkutubi mkuu alipita akisoma majalada tu, na kuku wasio na hatia wakafungiwa stoo kwa kosa la kuvunja ndoa.

Bi Gundi alicheka peke yake siku nzima. Kesho yake kicheko kilimwisha. Kitabu kilikuwa salama, lakini nani angekitafuta kwenye rafu ya mifugo? Wiki zikapita, kikashika vumbi.

Hatimaye kijana mmoja akaja nacho chumba cha nyuma, uzi umeachia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Humu ndani hamna hata kuku mmoja! Lakini mke wangu kakinyakua, kakisoma mara mbili.”

Bi Gundi akasahau sindano mkononi. Alitaka kuuliza mengi kwa mpigo: amelia wapi, amemlaumu nani? Kabla hajafungua kinywa, mkutubi mkuu akasimama mlangoni, akisubiri gundi ya ofisini.

“Sasa anahangaika,” kijana akaendelea, “anatafuta mtu wa kuzungumza naye habari za kitabu hiki. Wewe umewahi kukisoma?”

Mkutubi mkuu akalitazama jalada la kuku, akatabasamu.

“Mimi?” Bi Gundi akavuta uzi, akafunga fundo, akakata. “Mimi sifugi kuku, mwanangu. Sijakisoma.”

“Ah, basi. Nitamwambia.”

Kijana akachukua kitabu, akashukuru, akaenda zake. Mkutubi mkuu akauliza kama gundi bado ipo. Bi Gundi akampa kopo, akainamia kitabu kingine ambacho hata jina lake hakulisoma.