Fahali Nilimkaza Shingo, Shemeji Nikamcheka

Kosa ni langu, msinitafutie wa kunisaidia kulibeba. Mimi ndiye kocha niliyemrudisha shemeji yangu uwanjani akiwa hajui hata yuko wapi!

Nafundisha raga vijana wa kwetu hapa Kakamega. Kufundisha ni neno kubwa. Nilikuwanga na filimbi na mdomo, basi. Shingo yangu ni nene, ina mikunjo kama ya mheshimiwa, nikaamini unene huo ni ujuzi. Kumbe ni obusuma tu, ugali wa kwetu!

Siku moja akaja dada mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akajitolea kutusaidia. Akawapanga vijana wawili wawili: huyu anasukuma kichwa cha mwenzake, yule anakaza shingo.

"Shingo ikiwa na nguvu, kichwa hakirushwi ovyo mkigongana," akasema. "Si kinga kamili, lakini inasaidia."

Nikacheka mpaka nikakohoa. "Dada, hawa ni wanaume ama ni ingokho, kuku wa kunyongwa?"

Vijana wakaangua kicheko. Dada akachukua mkoba wake, hakurudi tena.

Sasa sikieni aibu. Nyumbani nilikuwa na fahali wa kupigana. Huyo nilimkanda shingo kila asubuhi kwa mikono yangu, nikampeleka kwenye kichuguu asukume, aikaze! Ng'ombe alipata mazoezi. Binadamu nikawaambia wawe wanaume.

Mdogo wa mke wangu, nitamwita Ambani, alikuwa winga wetu. Mbio ajabu, shingo kama ya korongo. Tukicheza na timu ya Mumias, akagonga kichwa kwenye goti la mtu. Akaanguka, akaketi, akanitazama.

"Shemeji, ng'ombe wameshauzwa?"

Alidhani tuko sokoni Lubao! Watu wakacheka. Mimi nikawashinda wote kwa kucheka. Nikammwagia maji kichwani, maana kwetu maji hutibu kila kitu.

"Amka bana, usiniaibishe mbele ya watu wa Mumias!"

Akaamka. Akakimbia upande usio wake. Akagongwa tena, kidogo tu, na hapo hakuinuka. Akaanza kutapika. Jameni, nikatupa filimbi, nikambeba mbio hospitali!

Hospitalini daktari akauliza, "Nani alimrudisha uwanjani?"

Nikageuka nyuma, kana kwamba mtu huyo ametoka kununua soda. Mke wangu akaninyooshea kidole. "Ndiye huyu."

Ambani alipona, lakini kupona kwenyewe nusu nusu. Jua linamuumiza. Useremala ameuacha, hawezi kelele za msumeno. Mke wangu alienda kwao Khwisero kumuuguza, na mpaka leo hajarudi.

Nilienda kuomba msamaha, kuku kwapani. Mama mkwe hakunitukana. Heri angenitukana! Alisema tu, "Baba, ongea polepole, kichwa kinamuuma." Nikabaki mlangoni. Kuku akapiga kelele kwa niaba yangu.

Makocha wenzangu, nawasihi! Wafundisheni vijana kukaza shingo. Na kijana akigongwa kichwa, mtoeni, hata akiapa yuko sawa, hata kama mnashindwa. Msimrudishe!

Mimi mechi ile nilishinda. Kila nikienda kumwona, Ambani huniuliza matokeo. Namwambia, anafurahi. Kabla sijaaga, ananiuliza tena.