Niliifundisha milk bar yangu kuishi bila mimi, na ikajifunza

Wakuu, asubuhi moja meneja wangu aliniomba ruhusa ya kuwazuia wakulima kupiga stori mlangoni, nami nikaitoa kabla chai yangu haijapoa. Ningesema hapana siku hiyo, uzi huu usingekuwepo.

Habari zenu nyote. Mimi ni mzee, nilisoma hadi form four nikaishia hapo. Sina kozi ya kuuza wala grupu ya kuwaunganisha. Penye kosa langu nitasema ni langu.

Nina milk bar pale Landless, Thika. Kwa asiyeijua, ni duka la maziwa. Wakulima wanaleta kwa mikebe asubuhi na mapema, tunapima kama yametiwa maji, tunachemsha, tunapoza. Mengine yanauzwa fresh, mengine tunagandisha yawe mala, yaani maziwa ya mgando. Mala ndiyo ilitupa jina. Majirani wengi ni watu waliotoka magharibi kuja kufanya kazi za viwandani, na kwao mala si kinywaji, ni mboga ya ugali. Ikiharibika, wanakuja kukuambia usoni.

Miaka mingi nilikuwa kila kitu mle ndani. Kisha magoti yakaanza kunisumbua, tukahamia nyumba yetu ya Ruiru, nyuma ya Kamakis, kule kwenye nyama choma. Mwili ulihama, akili ikabaki. Mama watoto aliniambia, "Wewe umehamia Ruiru lakini unaishi kwa simu."

Hapo ndipo nikaingiwa na swali. Hivi mimi hufanya nini hasa kwenye lile duka? Kila mtu husema biashara haiwezi kutoka machoni pa mwenyewe. Nilitaka kujua ni kwa nini. Macho yale huona nini?

Nikaanza majaribio.

Meneja wangu ni mama anaitwa Nekesa, mtu wa Bungoma, mchapakazi na hapendi maneno mengi. Nilimwambia nitakaa Ruiru, na akikwama anipigie. Kila aliponipigia, baada ya kumjibu nilikaa chini nikajiuliza: ni kitu gani kinakosekana pale dukani mpaka simu hii ikaja kwangu? Halafu nakipeleka hicho kitu, ili simu ya aina hiyo isije tena.

Friji imeanza kulia. Nikampa namba ya fundi na ruhusa ya kumlipa bila kuniuliza.

Mala imekuwa chachu sana. Hii ilinifurahisha kuichunguza. Mimi nilikuwa najua joto la maziwa kwa kugusa sufuria na mgongo wa mkono, na Nekesa hana mkono wangu. Tukanunua kipima joto, tukawa tunagusa na kupima pamoja, mimi nakisia, yeye anasoma. Nikagundua msimu wa baridi mkono wangu umekuwa ukinidanganya miaka yote, na mala ya July ilikuwa mbovu kwa sababu yangu. Nekesa alicheka akasema, "Mzee, kumbe tulikuwa tunalaumu ng'ombe."

Wakuu, sikuwahi kuipenda biashara yangu kama wakati huo. Ilikuwa kama kufungua redio na kuona kila waya unaenda wapi.

Simu zikapungua. Zikabaki za aina moja tu, za wakulima.

"Mzee, Mama Wambui anasema ng'ombe wake amezaa, nifanye nini?" "Mzee, huyu anasema majani yameisha." "Mzee, Kamande anauliza uko wapi, hataki kuongea na mimi."

Kamande ni rafiki yangu. Tulisoma darasa moja, tukatahiriwa msimu mmoja, na mpaka uzeeni tuliitana wakini, yaani mtu wa rika langu. Anafuga ng'ombe upande wa Kamenu na alikuwa mkulima wangu wa kwanza, tangu siku nilipofungua. Kila asubuhi alikuwa anaweka mkebe chini, anaegemea mlango, na tunaanza. Ng'ombe wako vipi. Yule wa madoa amepata nafuu? Mke wako je? Watu wa nyuma kwenye foleni wanalalamika, yeye anawajibu, "Ngojeni, hii ni parliament."

Sasa Nekesa akaja na hoja. Kila mkulima alikuwa na hadithi ya kusimulia, foleni inarefuka, jua linapanda, maziwa yanapata joto kwenye mikebe. Na hadithi zenyewe zinaishia kwenye simu yangu.

"Mzee, nipe ruhusa moja. Mkebe ufike, nipime, niandike, aende. Hakuna stori mlangoni. Ambaye maziwa yake yataharibu mala mara mbili, namtoa. Hivyo sitakusumbua tena."

Nikaona ni akili. Ndicho nilichokuwa nikitafuta. Nikamwambia, "Fanya hivyo."

Simu zikanyamaza. Nikaanza kuzunguka Ruiru kama mtu aliyestaafu serikalini. Kila mwisho wa wiki Nekesa ananiandikia kwa WhatsApp yaliyotokea, namtumia kidole gumba. Nilikuwa nawaelezea watu pale Kamakis, mbele ya nyama, kwamba biashara ni system, mwenyewe ni mzigo tu.

Wiki moja aliandika kwamba mala ilikataa kuganda. Akatenga maziwa ya kila mkulima kwenye jagi lake ili aone ni ya nani. Yakawa ya mtu mmoja. Akarudia, yakawa ya yule yule. Akamalizia hivi: "Kuna supplier ametuharibia mara mbili, namtoa kesho."

Nikaisoma nikiwa nimesimama kwa kinyozi. Nilijivunia, siwadanganyi. Tatizo limetokea, limepimwa, limepata jibu, na mimi sikuguswa. Nikatuma kidole gumba.

Sikuuliza ni nani.

Nilikuja kujua baadaye, nilipopita dukani bila kutangaza, kwa udadisi tu, nione duka linavyoenda. Lilikuwa linaenda vizuri. Foleni fupi, sakafu safi. Nikamuuliza Nekesa, "Kamande amepita saa ngapi leo?"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Mzee, si ndiye tulimtoa? Na ulikubali."

Akanieleza yote bila kuficha, kwa sababu hakuwa na cha kuficha. Kamande alikuja siku moja akaanza, "Mama, daktari wa mifugo alipita kwangu..." Akamkatiza, "Mzee, weka mkebe, hapa hatuna stori." Kamande akacheka, akaweka mkebe, akaenda. Siku nyingine akajaribu tena, akajibiwa vile vile.

Wanaofuga wameshaelewa. Ng'ombe alivimba kiwele, akadungwa sindano. Dawa ikibaki kwenye maziwa, mala haigandi, na maziwa hayo hata fresh hayafai kunywewa mpaka siku alizosema daktari ziishe. Na siku hizo daktari alikuwa amemwambia mchungaji, si Kamande. Kipimo chetu kinashika maji tu, hakioni dawa.

Kumbe kwenye ile parliament yetu ndiko maziwa yalikokuwa yanapimwa. Nikisikia daktari amepita, namwambia, "Wakini, ya huyo usilete kwanza," na yeye anatii bila kuuliza sababu. Sisi wawili hatukujua kwamba hiyo ni kazi. Tulidhani ni kupiga stori. Ndiyo maana nilipokuwa nahesabu kazi zangu sikuiona.

Asubuhi aliyotolewa, Kamande alimuuliza mbele ya foleni, "Mwenye duka anajua?" Nekesa, kwa kutaka mambo yawe wazi, akamwonyesha simu. Kamande akaona ujumbe, na chini yake kidole changu.

Simlaumu Nekesa. Alifanya nilichomfundisha.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi Kamenu. Nilimkuta amekaa nje, zizi liko tupu.

"Ng'ombe wako wapi, wakini?"

"Nimeuza. Mtu ambaye maziwa yake yamekataliwa Landless atayapeleka wapi? Thika yote ilisikia." Akamwita mke wake ndani. "Leta chai ya mgeni. Ya rangi, huyu hanywi maziwa ya hapa."

Nikamwambia sikujua kwamba ni yeye.

"Najua hukujua. Ungejua ungekuja. Mimi siulizi hilo."

"Basi unauliza nini?"

"Ulitoa kidole kwa mtu usiyemjua ni nani. Wakulima wako si wengi. Ungeuliza tu, ni nani?"

Nilimwomba msamaha, akasema ameusikia. Nikamwambia nitamtafutia ng'ombe mwingine, akasema amechoka kuamka mapema. Chai niliinywa yote. Hakunisindikiza hadi kwa geti, na kwetu hilo linatosha kukueleza.

Dukani tulirekebisha. Sasa Nekesa anamuuliza kila mkulima maswali mafupi kabla ya kupokea mkebe: ng'ombe yupi mgonjwa, yupi amedungwa, yupi amezaa. Hayachukui muda, na mala haijakataa tena. Nikikaa Ruiru mwezi mzima hakuna anayegundua. Kwa hiyo jibu la swali langu ni ndiyo, biashara ndogo inaweza kwenda bila mwenyewe. Msiwaamini wanaosema haiwezekani.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujaondoa kitu dukani kwa sababu kinapoteza muda, kaa nacho kwanza ujue kinafanya kazi gani. Na ukiachia watu wengine maamuzi, yale ya kumwondoa mtu usiyaidhinishe kabla hujasikia jina lake. Jina tu.

Bado nina udadisi wangu. Ninyi mlioajiri mameneja, ni kitu gani mlikiacha mikononi mwenu, na mlijuaje ndicho? Waliojaribu wakafeli, na waliojaribu wakaweza, nitasoma wote. Hata wa kunisema, waseme.

Kamande sasa anaishi Nakuru kwa binti yake. Aliondoka bila kuniaga, na simu zangu hapokei. Duka ninalo, na linaenda. Uamuzi ule ulinigharimu rafiki wa pekee niliyekuwa naye tangu utotoni, na kwa umri huu sitapata mwingine.