Bakuli Ndani ya Makumbi

Nililiangusha bakuli la jirani kutoka dirisha la ghorofa ya pili, kwa makusudi, tena kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Nakiri mapema nisije nikaulizwa.

Wakati ule tulikaa mjini, kwenye majumba ya mawe. Sasa tuko Jang'ombe, nyumba ya chini, huna pa kuangushia kitu, na naikumbuka ile nyumba hata kwa harufu ya chokaa yake mvua ikinyesha. Kila alasiri ya Ramadhani mimi ndiye niliyeshuka ngazi na futari za majirani. Ngazi nyembamba, kiza, na njaa inakuvuta miguu.

Mwalimu wetu wa sayansi alitwambia waundaji hodari huanza kwa kutazama alivyoumba Mungu. Nami nikakumbuka shamba la mjomba, Mtoni: mkwezi anaangusha nazi kutoka juu kabisa, puu, na ndani haijapasuka. Kinga yake makumbi. Basi nikayashona makumbi kwa kamba, nikapata nazi kubwa yenye mlango.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya bakuli la kauri la jirani wa chini, aliloachiwa na mamake. Yeye na mama walinuniana mwaka mzima. Bakuli hilo, lililokuja na tambi, ndilo lililowasemezesha tena, na mama alilijaza kaimati kulirudisha, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu.

"Unakwenda wapi na makumbi?" mama aliuliza toka jikoni.

"Nnapeleka futari."

"Kwa ngazi?"

"Naam," nikasema, na huku nimefunga.

Nazi haina mlango. Hilo mwalimu hakulisema. Chombo changu kilipinduka hewani, kikatua kwa mlango, kaimati zikatawanyika njia nzima. Makumbi yalikuwa mazima kabisa.

Mzee mpita njia alinitazama juu. "Umetupa au imekuponyoka?"

Mama alishuka, akaviokota vipande vya bakuli kimoja kimoja, akavifunga kwenye ncha ya kanga. Nilitamani anipige, tumalize. Akapanda, akafungua kabati, akanitia mikononi bakuli ambalo hata mimi sikuwahi kuruhusiwa kuligusa.

"Mpe hili langu la harusi," alisema. "Akikataa, kaa mlangoni kwake mpaka alipokee. Ukisikia adhana naye bado, fungua mfereji ufuturu kwa maji."