Nimepigisha Baba Magoti

Wapenzi, leo nimepigisha baba yangu magoti mbele ya darasa zima. 🙈

Munajua desturi yetu: mwanafunzi mupya tunamuita bleu, na siye wa mwaka wa pili ndiyo wakubwa wake.
Nikakamata kijana mumoja mwembamba, hata ndevu hana.
"Weye bleu, magoti chini! Utanifulia suruali. Sema baba yako ni nani!"
Akapiga magoti, akataja jina la babu yangu.

Babu alikimbilia Burundi wakati wa rébellion, ile vita ya waasi, akaoa tena kule. Tulisikia alizaa, lakini hatukuwahi kumuona huyo mutoto.
Kumbe ndiye huyu, mudogo wa baba yangu!

Nikauliza polepole, "Nani alikuambia uchague chuo hiki?"
"Muzee. Alisema niko na mutoto wangu hapa, atanichunga."
Mutoto wake ni minye, mimi huyu! Na nimemuzidi miaka! 😭

Darasa likalipuka. Nikapiga magoti: "Unisamehe, baba mudogo."
Akanishika bega kama muzee kabisa. "Simama, mwanangu. Ile suruali bado iko?"
"Iko, baba."
"Basi uifue pamoja na yangu."

Munaochagua chuo, muulize kwanza nani wa ukoo iko anakuja.
Minye niko hapa nangoja suruali ya baba ikauke.