Njumu Nilizomnyima Mtunza Vifaa

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, nikiwa lindoni kwenye jengo moja la mtaa wa Al Mansoura, katika nchi ya Kiarabu nilikokuja kufanya kazi ya ulinzi, meneja wa timu ya daraja la pili niliyoichezea baada ya zamu alinipigia simu. Klabu moja ya ligi kuu ilikuwa imeishiwa mabeki wa kulia na ilinitaka kwa mechi moja ya majaribio. Nikifanya vizuri, ningepewa mkataba wa miezi mitatu, na lindo ningeliacha.

Sikufurahi. Nilijiuliza kwa nini mimi, na ni nani angenichukia kwa kuchukua nafasi yake. Katika mpira niliokulia Tanzania, mchezaji mgeni hamwachii mtu njumu zake. Atakayezishika kabla ya mechi anaweza kuzifanyia jambo, na miguu ikawa mizito. Nilikuwa nimejisomea vitabu vingi, lakini hofu hiyo haikunitoka.

Usiku nililala na njumu zangu karibu na kichwa. Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Muaither alinitazama.

"Wewe Mbongo, kwani hizo viatu ni bibi yako?"

"Cheka tu. Mpira wa kwetu huujui."

"Hapa si kwenu, buda. Hapa hata mchawi lazima aombewe viza kwanza."

Siku ya mechi, mtunza vifaa, mzee wa Kisudani, alipita chumba cha kuvalia na beseni akikusanya njumu za wachezaji wote. Kwangu alinyoosha mkono.

"Leta, sadiki," aliniambia kwa Kiarabu, akiniita rafiki.

Nikazikumbatia. Akanyoosha mkono tena, kisha akaondoka. Wachezaji wawili walinong'onezana. Kwangu huo ulikuwa ushahidi kwamba walitaka kuzifanyia jambo.

Niliingizwa kipindi cha pili. Wakati wa mapumziko uwanja ulikuwa umemwagiwa maji, kama walivyozoea huko. Wenzangu walisimama imara. Mimi niligeuka kumfuata winga, miguu ikanitoka, naye akafunga. Nilipoanguka tena, kocha alinitoa.

Baada ya mechi niliona chini ya njumu za wenzangu meno marefu ya chuma. Mzee aliyafungua moja moja kwa spana ndogo na kuyarudisha kwenye kopo. Kumbe alizikusanya ili azifungie meno hayo, zisiteleze kwenye uwanja uliolowa. Hata hivyo, nilimtazama mikono mpaka alipomaliza.

Kesho yake meneja alinijulisha kuwa hawanihitaji tena. Nikarudi lindoni. Mkataba ungelipa riali elfu sita kwa mwezi. Lindo lililipa elfu moja na mia tano. Kwa miezi mitatu, nilipoteza riali elfu kumi na tatu na mia tano.