Mihogo ya Lweba

Siku yangu ya kwanza kazini, bwana agronomi wa teritwari, mkubwa wa mashamba yote ya Fizi, alinipa vitu vitatu: buti, kamba yenye mafundo na beji ya chama yenye sura ya Rais. Kamba ilikuwa ya kupimia mistari ya pamba. Kila penye fundo, shimo moja la mbegu. Beji alinifunga mwenyewe kifuani.

“Buti ikipasuka, utaniambia,” alisema. “Hii, usiitoshe kifuani hata siku moja.”

Hivyo ndivyo nilivyokuwa monita wa kilimo. Walinituma Lweba, kando ya ziwa. Pamba ilikuwa lazima, na sheria ilikataza kupanda kitu kingine katikati yake. Lakini bamama wa kijiji walipenyeza mihogo humo humo, maana pamba hailiwi. Kazi yangu ilikuwa kuing'oa.

Nilikuwa kijana, na kichwa kilikuwa kinachemka. Shuleni tulikuwa tumenong'onezana sana kwamba mlimaji ndiye wa kwanza kula. Pale Lweba niliona watoto wenye nywele nyekundu kwa njaa, moyo ukaniuma. Basi asubuhi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila juma, nilisimama mbele ya bamama nikasema wazi: “Bamama, muiache mihogo yenu ikae shambani. Hii serikali inatunyonya.”

 Walikuwa wanatazama kifua changu.

Kesho yake nilikuta mihogo yote imeng'olewa, michanga bado, imelazwa kando ya njia ili niione. Mama Asende, mkubwa wao, aliningoja hapo.

“Tulishang'oa yote, citoyen,” alisema. Ndivyo tulivyoitana enzi zile, ‘raia’ kwa Kifaransa. “Utatusemea muzuri kule Fizi.”

“Mama, mi nilikuwa nasema kweli.”

“Ndiyo, citoyen. Bote banasemaka vile.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Wapelelezi walikuwa na desturi ya kuitukana serikali ili waone nani ataitikia kwa kichwa. Bamama walidhani nimewatega. Msimu ule Lweba ililala njaa, na bwana agronomi alipokuja kukagua alifurahi sana.

“Shamba safi, kijana. Unafaa kupelekwa mji wa Baraka.”

Nikapandishwa cheo. Baraka nilikuwa na nyumba ya bati na wasaidizi, lakini sikuwa na mtu wa kumweleza habari ile. Wakubwa wangenifunga, na wanyonge wasingeniamini. Upweke huo niliuzoea kama buti inayobana, nikafika nao hadi pensheni.

Nilipostaafu utawala ule ulikuwa umeanguka na beji zimeshatupwa. Nilirudi Lweba bila beji kifuani. Mama Asende, mzee sasa, alinitambua. Akatoa kiti, akakipangusa kwa kitenge chake, akanikalisha.

“Mama, ukae na we. Mi niko mutoto wako tu.”

“Ndiyo, citoyen,” alisema, akabaki amesimama mpaka nilipoondoka.